Orodha kwanza, mnada baadaye: viwanda vyetu vya nguo vya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu majengo ya viwanda vya nguo vilivyojengwa nchini mwetu Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970, ambayo baadhi yamegeuzwa maghala, baadhi yamepata wamiliki wapya na kufufuliwa, na mengine yamebaki na mitambo iliyonyamaza huku wapita njia wakiulizana kiwanja kile kitauzwa lini. Naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii. Hoja yangu ni moja, nayo ni kwamba jengo la kiwanda cha nguo lisiuzwe, lisikodishwe kwa shughuli nyingine wala lisivunjwe kabla ya kuandaliwa orodha kamili ya vilivyomo: mitambo, michoro ya majengo, madaftari ya sampuli za vitambaa, mafaili ya wafanyakazi, na hali ya udongo ulio chini ya idara ya rangi. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo ya kufuma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninayoyaandika yanatokana na niliyoyaona karakanani pamoja na niliyoyasoma baadaye kuhusu namna wenzetu wa nchi nyingine walivyoyashughulikia majengo ya aina hii.

Inafaa kuanza mbali kidogo, kwa sababu historia ya nguo katika mwambao wetu haikuanzia Ubungo, Dar es Salaam, kilipo kiwanda cha Urafiki. Katika karne ya 19, kitambaa kilichotawala soko la Unguja na kubebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walikuwa wamekwisha kujikita Unguja katika miaka ya 1830. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikawa na konseli wake Unguja. Bara, kitambaa hicho kilitumika kama fedha: kwacho mpagazi alilipwa ujira na chifu alilipwa hongo ya njia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ya majimbo ya kusini ikakosekana, viwanda vya Massachusetts vikapungukiwa, na nafasi yao katika soko letu ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay, mji ambao kampuni yake ya kwanza ya kusokota na kufuma kwa mitambo iliundwa mwaka 1854. Baadaye zikaja khanga zilizochapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani. Kwa miaka mingi mkulima wa Usukuma alilima pamba, akaiuza ikiwa ghafi, kisha akanunua nguo iliyovuka bahari kumfikia.

Ndiyo maana kiwanda cha Urafiki kilipoanza kujengwa kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 1966 kwa mkopo wa China, na kilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha na kabla ya reli ya TAZARA kuanza kujengwa, watu wengi walikiona kuwa kitu kikubwa zaidi ya kiwanda. Pamba iliingia upande mmoja katika marobota, ikasafishwa, ikachanwa, ikasokotwa, ikafumwa, ikapaushwa, ikatiwa rangi na kuchapwa, na ikatoka upande wa pili ikiwa khanga, kitenge, shuka au kaki. Takribani wakati huohuo Mwanza ilipata Mwatex, iliyojengwa kwa mitambo na utaalamu kutoka Ufaransa. Wataalamu wa uchumi wamevilinganisha viwanda hivi viwili tangu zamani, kwa kuwa Wachina walichagua mitambo rahisi inayohitaji mikono mingi, na Wafaransa wakaleta mitambo ya kisasa zaidi inayohitaji watu wachache. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa macho, katika idadi ya watu waliotoka getini zamu ilipobadilishwa. Vilikuwepo pia Mutex ya Musoma, Polytex ya Morogoro, Kiltex, Sunguratex na vingine, na katika miaka ya 1970 viwanda vya umma vya sekta hii vikawekwa chini ya Shirika la Taifa la Nguo, TEXCO.

Kuanguka kwa viwanda hivi sitakueleza kwa kirefu, maana kumeandikwa mara nyingi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri na rangi viliifanya mitambo isimame kwa siku nyingi kuliko ilizofanya kazi. Umeme na maji vilikatika. Na tangu mwaka 1984, milango ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, nguo mpya za bei nafuu na mitumba zikalijaza soko. Katika miaka ya 1990 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikaanza kuyauza mashirika hayo au kuyatafutia wabia. Urafiki ikawa kampuni ya ubia kati ya Tanzania na China kuanzia mwaka 1997, China ikiwa na hisa nyingi zaidi, na majengo ya Polytex yakaja kuwa kiwanda cha 21st Century cha Morogoro. Kwa hiyo nisieleweke kuwa ninadai kila kiwanda kilikufa. Ninachozungumzia ni kipindi kile cha katikati, kati ya mmiliki mmoja na mwingine au kati ya matumizi ya zamani na mapya, ambapo mambo mengi yalipotea bila mtu yeyote kuamua kwamba yapotee.

Nitoe mfano. Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, makabidhiano yalipofanyika, waliokabidhi walihesabu mitambo, magari, samani na vitanda vya zahanati. Chumba cha idara ya usanifu hakikuhesabiwa, kwa kuwa kilionekana kuwa chumba cha makaratasi. Humo mlikuwa na madaftari ya sampuli, makubwa kama rejista ya shule, ambayo kila ukurasa wake ulikuwa umebandikwa kipande cha kitambaa chenye upana wa kiganja. Kando ya kipande hicho paliandikwa namba ya nakshi, tarehe, idadi ya rangi, vipimo vya kila rangi kwa gramu, na mara nyingine maelezo mafupi ya msanifu, kwamba pindo lipunguzwe au kwamba jina la khanga limebadilishwa kwa sababu wanunuzi wa Tanga hawakulipenda. Kila rangi katika nakshi ilihitaji rola au fremu yake ya kuchapia, na hizo nazo zilikuwa zimepangwa kwa namba zilezile za kwenye madaftari. Rola ziliuzwa kama chuma chakavu. Madaftari yaliuzwa kwa kilo, na kwa muda wa wiki kadhaa wauza karanga wa mtaani walifungia bidhaa zao katika kurasa za miaka ya 1970, baadhi zikiwa na kitambaa chake bado kimeshika gundi.

Hasara ya aina hiyo haionekani katika vitabu vya mhasibu yeyote. Mwanafunzi anayesoma uhandisi wa nguo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo ambacho kiko mwendo mfupi tu kutoka Ubungo, angeweza kujifunza kutoka kwenye daftari moja la aina hiyo mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada: ni rangi gani zilizovumilia sabuni ya kipande na jua la mwambao, ni nakshi zipi zilizorudiwa mwaka hadi mwaka, na ni namna gani mji wa khanga ulipangwa ili upande usiharibike kitambaa kinapokatwa doti. Mfanyabiashara anayetaka kuchapa khanga leo angepata humo nakshi zilizokwisha kupendwa na soko. Badala yake tunaona nakshi za mwambao zikichapwa nje na kurudi kwetu kama bidhaa, na tunalalamika kwamba tumeibiwa kitu ambacho ushahidi wa umiliki wake tuliuuza wenyewe kwa wauza karanga.

Baada ya makaratasi, nizungumzie jengo lenyewe, kwa kuwa wengi wanaotaka kuyabadilishia matumizi majengo haya hawajui kwa nini yalijengwa yalivyo. Karakana ya kufuma si chumba kikubwa tu. Uzi wa pamba huwa imara zaidi unapokuwa na unyevu, na hewa ya karakana hushikiliwa kwenye unyevu wa karibu asilimia 75 au 80 ili mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, usikatikekatike. Ndiyo maana karakana hizo zina njia za hewa kubwa juu, kuta nene na madirisha machache pembeni. Mwanga huingizwa kutoka juu. Viwanda vingi vya nguo duniani vina paa la meno ya msumeno, ambalo kila jino lake lina upande mmoja wa vioo na mwingine wa kuezekwa, na katika nchi za kaskazini vioo hivyo huelekezwa kaskazini ili mfumaji aione kasoro ya kitambaa bila kupigwa na jua. Kusini mwa ikweta hesabu hiyo hugeuka. Sakafu ni ya zege nene, kwa kuwa mamia ya mitambo inayorusha mshindio, yaani uzi wa upana wa kitambaa, huku na huku kwa pamoja hutikisa jengo zima, na kelele yake ni kubwa kiasi kwamba wafumaji wakongwe huzoea kuzungumza kwa midomo na mikono bila kutoa sauti. Nguzo zimepangwa kwa nafasi sawasawa ili safu za mitambo zipite katikati yake, na mafuta ya miaka mingi yamezama katika sakafu kiasi kwamba hayaondoki kwa kupakwa rangi juu yake.

Mtu anayeyajua haya ataona mara moja kwamba jengo la namna hiyo linafaa kwa kazi nyingi. Lina nafasi bila vizuizi, lina mwanga mzuri, na sakafu yake hubeba karibu kila kitu. Ghala ni mojawapo ya kazi hizo, na sisemi kwamba ghala ni dhambi. Lakini ghala ndilo wazo la kwanza linalomjia mtu asiyefikiri sana, na eneo lililokuwa likiajiri mamia ya wafumaji kwa zamu tatu huja kuajiri walinzi na wapakiaji wasiozidi basi moja. Anayeyajua haya ataona pia hatari zake. Majengo mengi ya miaka ile yaliezekwa kwa mabati ya asbesto, ambayo hayana madhara makubwa yakiwa mazima lakini ni hatari kwa mapafu yanapokatwa au kuvunjwa ovyo, na idara za kupaushia na kutia rangi zilimwaga kemikali kwa miaka mingi katika mifereji ambayo haikuwa imara siku zote.

Kuhusu hatari hiyo ya mwisho, somo zuri linapatikana Cromford, Uingereza, ambako Richard Arkwright alijenga mwaka 1771 kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji kinachohesabiwa kuwa mfano wa viwanda vyote vilivyofuata. Kiwanda hicho kilipoacha pamba, majengo yake yalitumiwa kwa shughuli mbalimbali, na katika karne ya 20 yakawa mahali pa kutengenezea rangi zenye madini ya risasi. Chama cha uhifadhi kilipoyanunua mwaka 1979, kilikuta majengo na udongo vimechafuliwa vibaya, na kazi ya kusafisha ikachukua miaka mingi kabla ya watu kuruhusiwa kuingia sehemu zote. Leo Cromford imo katika Urithi wa Dunia pamoja na viwanda vingine vya bonde la mto Derwent. Kama mtu angefungua pale shule ya chekechea kwa haraka, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo, watoto ndio wangelipa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa, lakini ni rahisi kuidhani tathmini hiyo kuwa ni ya kile kitakachojengwa tu, na kusahau kilichokuwepo.

Sasa nirudi kwa wale waliotuvisha zamani, kwa kuwa miji hiyohiyo iliyotuuzia merikani na vitambaa vya Bombay imekwisha kupita katika njia ambayo sisi tunaianza, na matokeo yake hayafanani.

Salem, uliokuwa mji mkuu wa biashara ya merikani, ulikuwa na kiwanda kikubwa cha pamba kilichojulikana kama Naumkeag. Kiliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1914, kikajengwa upya, na kikafungwa mwaka 1953. Majengo yake yakageuzwa kuwa ofisi na karakana za kupangisha, na yakapata wapangaji. Lowell, mji jirani uliojengwa mahususi kwa ajili ya viwanda vya nguo tangu miaka ya 1820, ulikaa katika umaskini kwa miongo kadhaa baada ya viwanda kuhamia majimbo ya kusini, mpaka mwaka 1978 ulipotangazwa kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Kilichofanyika katika jengo la Boott, mojawapo ya viwanda vya nguo vya mji huo, ndicho ningependa wakubwa wetu wakitazame. Ghorofa ya chini imewekwa mitambo ya kufuma ya zamani ambayo inaendeshwa kweli, inafuma kitambaa kweli, na mgeni akiingia hupewa vizibo vya masikio. Sehemu nyingine ni makumbusho, na sehemu kubwa iliyobaki ya majengo ni makazi na ofisi zinazolipa kodi. Makumbusho peke yake yasingeweza kulilisha jengo lile, na makazi peke yake yangelifanya kuwa jengo kama mengine. Fundi anayeitunza mitambo ile leo anajua kazi ambayo ingekwisha kufa kama mitambo yote ingepelekwa kwenye tanuru.

Bombay, ambayo sasa ni Mumbai, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 wa viwanda vya nguo waligoma wakiongozwa na Datta Samant, na mgomo huo haukuwahi kumalizika rasmi. Viwanda vingi havikufunguliwa tena. Palibaki viwanda 58 vyenye ardhi ya takribani ekari 600 katikati ya mji ambao ardhi yake ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi duniani. Mwaka 1991 serikali iliweka kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya busara kuliko nyingine zote nilizozisoma: mwenye kiwanda akitaka kuendeleza ardhi yake, theluthi moja aitoe kwa halmashauri ya jiji iwe maeneo ya wazi ya umma, theluthi ya pili iende kwa mamlaka ya nyumba kwa makazi ya watu wa kawaida, na theluthi ya tatu abaki nayo mwenyewe. Kanuni hiyo ingeupa mji bustani, shule na nyumba katika eneo ambalo wazazi wa watu hao walikuwa wamefanya kazi kwa vizazi vitatu.

Mwaka 2001 kanuni ilibadilishwa kwa maneno machache. Kugawanya kwa theluthi kukahusu ardhi iliyo tupu peke yake, na ardhi iliyo chini ya majengo ikaachwa kwa mwenyewe. Kwa kuwa kiwanda cha nguo kimejengwa karibu kiwanja kizima, sehemu iliyobaki kugawanywa ilikuwa kidogo sana. Kesi ilifunguliwa, Mahakama Kuu ikawapa haki wananchi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Minara ya vioo na maduka makubwa vikaota mahali pa karakana, na mabomba ya moshi machache yameachwa yamesimama kati ya maduka hayo kama pambo. Wajukuu wa wafumaji wanafanya kazi humo kama walinzi na wafagiaji, wakija kutoka mbali kwa treni. Ninaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha mahali ambapo vita hushindwa: si siku ya kubomoa, bali siku ambayo mtu anakaa ofisini na kubadilisha maana ya maneno mawili katika kanuni, na hakuna aliyekuwa na orodha ya kuonyesha nini kinapotea.

Kuna pia mfano wa Tomioka, Japani, ambako serikali ilijenga kiwanda cha hariri mwaka 1872. Kilipofungwa mwaka 1987, kampuni iliyokimiliki iliamua kutokiuza, kutokikodisha na kutokivunja, ikakitunza kwa gharama zake hadi ilipokikabidhi kwa mji mwaka 2005, na mwaka 2014 kikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Sitegemei kwamba kampuni yoyote ya kwetu itafanya hivyo, na sidhani tunapaswa kuitaka ifanye hivyo. Fedha za kulilinda jengo tupu kwa miaka 18 hatuna. Lakini mfano huo unaonyesha kwamba muda wa kusubiri si lazima uwe muda wa kuoza, mradi kuna mtu anayejua kilichomo ndani na anayewajibika nacho.

Kwa upande wa sheria, hali yetu ina pengo ambalo wasomaji wengi huenda hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la kiwanda la mwaka 1968 haliingii humo isipokuwa waziri mwenye dhamana alitangaze mahususi. Tunayo pia Sera ya Malikale ya mwaka 2008, lakini sera bila orodha ni nia tu. Tunapozungumzia urithi tunafikiria Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe, na ni haki yetu kuvifikiria. Lakini nusu ya pili ya karne ya 20, ambamo taifa hili lilizaliwa na kujaribu kujitegemea, haina ulinzi wa namna hiyo hata kidogo, na majengo yake yameanza kuanguka kabla ya walioyajenga kufa.

Kwa makaratasi, sheria ipo na ni nzuri. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu nyaraka za taasisi za umma, yakiwemo mashirika. Nyaraka za kiwanda kilichokuwa cha shirika la umma kwa miaka zaidi ya 20 ni kumbukumbu za umma kwa kipindi hicho, hata kama mlango wa ofisi leo una kufuli la mmiliki mwingine. Hakuna haja ya sheria mpya. Kuna haja ya mtu kutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwenda kubisha hodi akiwa na barua, gari na maboksi.

Matumizi mapya ya majengo yenyewe yasiamuliwe kwa kiolezo kimoja kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa Musoma si Ubungo. Pale Ubungo, ambapo kituo cha mwendokasi kinaitwa Urafiki na abiria wengi wanaoshuka hapo hawajawahi kukiona kitambaa chake, thamani ya kiwanja ni kubwa kiasi kwamba shinikizo la kujenga maduka litakuwepo daima, na jambo la busara ni kuweka masharti mapema: karakana moja ya kufuma ibaki na mitambo michache inayofanya kazi, wanafunzi wa uhandisi wa nguo na wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA wapate mahali pa mazoezi, mafundi cherehani wapangishwe sehemu kwa kodi wanayoimudu, na sehemu iliyobaki ilipie gharama zote hizo kwa biashara yoyote iliyo halali. Katika miji midogo, ambako ardhi haigombaniwi, huenda jibu likawa kinyume, yaani kurudisha kusokota na kufuma kwa kiwango kidogo karibu na pamba inakolimwa, maana sehemu kubwa ya pamba yetu bado inasafirishwa nje ikiwa ghafi, kama ilivyokuwa enzi za merikani. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanapitia kwa mamlaka za upangaji chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na hapo ndipo madiwani wanaweza kuuliza maswali kabla ya muhuri kugongwa.

Kuna watakaosema kwamba tunajishughulisha na majengo wakati vijana hawana kazi. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na hujibiwa na Lowell na Salem, ambako majengo yaliyohifadhiwa ndiyo yaliyoleta wapangaji, na wapangaji wakaleta ajira. Wengine watasema kwamba viwanda vile vilikuwa vya hasara na havistahili kukumbukwa. Kwa hilo ninakubali nusu. Vilikuwa na hasara, uongozi wake mara nyingi ulikuwa mbovu, na sisi mafundi tuliiba vipuri kuliko tunavyopenda kukiri. Lakini anayetaka kujua kwa nini vilishindwa, ili vya sasa visishindwe kwa namna ileile, atahitaji hayohayo makaratasi tunayoyauza kwa kilo.

Ningeomba basi, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako, wizara zinazohusika na viwanda na malikale pamoja na Msajili wa Hazina watueleze wananchi kama ipo orodha ya vilivyomo katika majengo ya viwanda vya nguo vilivyokuwa mali ya umma, nani aliiandaa, na mwananchi anaweza kuisoma wapi. Kama haipo, kazi ianzie kwenye vyumba vya usanifu, kwa kuwa mitambo ya chuma inaweza kusubiri mwaka mwingine mmoja, lakini kitambaa na karatasi vilivyo chini ya paa linalovuja havitausubiri msimu wa masika. Mafundi wa zamani tungali tupo, tunazijua namba za nakshi na tunajua rafu zilipokuwa, na wengi wetu tungekuja kusaidia kwa nauli tu.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa mitambo ya kufuma,
Dar es Salaam